Famasia Marekani: PharmD ya miaka 3 au ya miaka 4?

Tuondoe hofu moja kwanza. Aliyesoma PharmD, shahada ya udaktari wa famasia, kwa miaka 3 na aliyesoma kwa miaka 4 wanatoka na shahada moja, wanafanya mtihani mmoja wa leseni, NAPLEX, na kwenye leseni hakuna mahali palipoandikwa mtu amesoma muda gani. Mgonjwa anayesubiri dawa yake ya presha dirishani hatauliza. Mwajiri naye kwa kawaida hana habari nayo, ilimradi leseni ya jimbo lake unayo.

Tofauti iko kwenye kalenda. ACPE, chombo kinachoidhinisha programu za famasia Marekani, kinataka mtaala wenye ukubwa wa miaka 4 ya masomo, au unaolingana na huo kwa saa na krediti. Hayo maneno "unaolingana na huo" ndiyo yaliyowafungulia mlango wenye programu za miaka 3. Hawajapunguza mzigo. Wamekula likizo.

Chukua kalamu uone. Masomo ya darasani, tuseme miaka 3 yenye mihula 2 ya wiki 15 kila mmoja: wiki 90. Mafunzo ya vitendo ya mwanzo, IPPE, hayaruhusiwi kupungua saa 300. Kwa wiki ya saa 40 hiyo ni wiki 7 na nusu. Mafunzo ya vitendo ya mwisho, APPE, ni saa 1,440 kwenda juu, yaani wiki 36. Jumla wiki 133 na nusu, na hapo hujapumzika hata siku moja.

Programu ya kawaida inayoanza Agosti na kumalizika Mei ya mwaka wa nne ina wiki zipatazo 195. Toa 133, unabaki na wiki kama 61. Programu ya haraka ya miezi 34 ina wiki zipatazo 147, hivyo unabaki na wiki kama 14. Ndani ya hizo 14 weka Krismasi tatu, wiki za mitihani, homa, msiba nyumbani, kuhama nyumba. Vyuo vingi vya haraka hujinasua kwa kuongeza saa za darasa kila wiki ili vipate nafasi ya kupumua kidogo, lakini mzigo haupungui kwa kupangwa upya.

Basi swali lako halisi ni hili: zile wiki 47 za tofauti, wewe ungezifanyia nini? Kuna anayezihitaji kufa na kupona, na kuna ambaye angezipoteza tu.

Vigezo tutakavyotumia

Tutapima njia zote mbili kwa mambo haya: unaingiaje, utalipa kiasi gani kwa mwaka na kwa jumla, somo linakaaje kichwani, ukianguka nini kinatokea, utafanya kazi saa ngapi, na baada ya shahada unaelekea wapi. Gharama na kuanguka tutavikalia zaidi, maana ndivyo vinavyowaumiza watu wengi.

Kuingia

"Miaka 3" na "miaka 4" huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya PharmD, si tangu umalize sekondari. Kabla ya hapo vyuo vingi hudai angalau miaka 2 ya chuo kikuu yenye kemia ya jumla, kemia ya kaboni, biolojia, anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, hesabu na takwimu. Kwa hilo njia zote mbili ni sawa. Maombi kwa sehemu kubwa hupitia mfumo mmoja wa PharmCAS. Mtihani wa PCAT, uliokuwa wa kuombea nafasi vyuo vya famasia, ulifutwa. Wa mwisho ulifanyika Januari 2024, kwa hiyo mtu akikuuzia vitabu vya kujiandaa nao, mwachie.

Njia ya miaka 4 ndiyo iliyozoeleka. Utaikuta North Carolina kule Chapel Hill, Michigan, Minnesota, Washington na kwingine kwingi, hivyo una uwanja mpana wa kuchagua jimbo, ada na hali ya hewa. Masomo huanza Agosti au Septemba.

Njia ya miaka 3 ina vyuo vichache zaidi, na vingi ni vya binafsi: University of the Pacific huko California, Roseman kule Nevada na Utah, Appalachian College of Pharmacy Virginia, South College Tennessee, LECOM katika kampasi yake ya Erie, MCPHS katika kampasi ya Worcester. University of Maryland Eastern Shore ni mfano wa chuo cha umma kilichoishika njia hiyo. Urefu mfupi si dalili ya chuo dhaifu. UCSF, yenye jina kubwa katika fani hii, ilihamia mtaala wa miaka 3 mwaka 2018.

Mtego wa njia ya haraka ni tarehe. Baadhi ya programu huanza Juni au Julai. Ukiwa umepanga kumalizia kemia ya kaboni kwenye muhula wa kiangazi, matokeo yatatoka darasa limeshaanza, na nafasi yako itakuwa imekwenda kwa mwingine. Kabla hujalipa ada ya maombi, andika tarehe ya kuanza na tarehe ya matokeo ya kozi yako ya mwisho ya maandalizi, uzitazame zikiwa pamoja.

Gharama

Hapa matangazo hupenda sentensi moja: "okoa mwaka mzima wa ada." Mara nyingi si kweli. Chuo cha miaka 3 hutoza kwa mwaka ada kubwa kuliko kile cha miaka 4, kwa sababu mwaka wake una mihula mingi zaidi. Kinachookolewa kwa hakika ni mwaka mmoja wa kodi ya nyumba, chakula na bima.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni za kuonyesha tu, weka za vyuo vyako. Chuo A, miaka 4: ada dola 36,000 na maisha dola 24,000, jumla dola 60,000 kwa mwaka. Chuo B, miaka 3: ada dola 55,000 na maisha dola 24,000, jumla dola 79,000 kwa mwaka. Mwisho wa safari A imekula dola 240,000, B dola 237,000. Tofauti dola 3,000. Mwaka umeokoka, pesa hazikuokoka.

Sasa tazama upande wa mkopo, maana hapa sheria imebadilika. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa serikali kuu uitwao Grad PLUS, uliokuwa ukiziba pengo lolote hadi gharama kamili ya masomo, haupo tena kwa wakopaji wapya. Mwanafunzi wa shahada za kitaaluma, PharmD ikiwemo, anaweza kukopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Rudi kwenye mfano wetu. Wa chuo A anabaki na pengo la dola 10,000 kila mwaka, dola 40,000 kwa miaka 4. Wa chuo B anabaki na pengo la dola 29,000 kila mwaka, dola 87,000 kwa miaka 3. Gharama ya jumla karibu sawa, lakini wa B inabidi atafute kwa familia, ufadhili au benki binafsi zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Tena A anaweza kufikia kikomo chake cha dola 200,000, wakati B kwa kawaida ataishia dola 150,000.

Nimesema kwa kawaida, kwa sababu "mwaka wa masomo" kwenye sheria za mikopo si lazima uwe sawa na mwaka wa kalenda. Programu inayoendelea mwaka mzima inaweza kuhesabu miaka yake kwa namna nyingine. Kwa hiyo waandikie ofisi ya misaada ya fedha ya chuo na uulize waziwazi: katika programu yenu, mwanafunzi hupata vikomo vingapi vya mwaka hadi ahitimu? Ukijibiwa kwa simu, omba waandike kwenye barua pepe.

Riba nayo haingoji uhitimu. Mikopo ya serikali ya ngazi hii iliyotolewa mwaka wa masomo 2025–26 ilikuwa na riba ya asilimia 7.94, na huanza kuhesabiwa siku pesa inapotoka. Dola 50,000 za mwaka wa kwanza huzaa karibu dola 4,000 kila mwaka unaokaa darasani. Hapo njia ya miaka 3 ina nafuu ya kweli: mwaka mmoja pungufu wa riba juu ya kila ulichokopa.

Kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1, mikopo hiyo ya serikali haimhusu. Kinachomkabili ni kuonyesha pesa za angalau mwaka wa kwanza ili chuo kimpe I-20, fomu ya kuombea viza hiyo. Kwa chuo A ni dola 60,000, kwa chuo B dola 79,000. Wapo walioshindwa kuingia programu ya haraka kwa sababu ya ukurasa huo mmoja wa taarifa ya benki, japo jumla ya mwisho wangeimudu.

Na mshahara wa mwaka mmoja mapema? Mshahara wa kati wa wafamasia Marekani, kwa takwimu za kazi za Mei 2024, ulikuwa dola 137,480 kwa mwaka kabla ya kodi. Kuufikia mwaka mmoja mapema ni jambo kubwa, na ndiyo hoja nzito kuliko zote za njia ya miaka 3. Ila ina masharti mawili: uhitimu kwa wakati, na uende kazini moja kwa moja. Ukienda residensi, yaani mwaka wa mafunzo ya juu hospitalini baada ya shahada, posho yake kwa kawaida haifiki nusu ya mshahara huo.

Somo linakaaje kichwani

Mfano mmoja utatosha. Mapema kwenye masomo utafundishwa kukadiria kazi ya figo kwa kanuni ya Cockcroft-Gault: toa umri kwenye 140, zidisha kwa uzito wa kilo, gawa kwa 72 mara kreatinini (taka ya mwilini inayopimwa kwenye damu), na kwa mwanamke zidisha kwa 0.85. Mwanamume wa miaka 70, kilo 60, kreatinini 1.5: 70 mara 60 ni 4,200, 72 mara 1.5 ni 108. Jibu ni karibu mililita 39 kwa dakika. Namba hiyo ndiyo itakayoamua dozi ya vankomaisini (antibiotiki), ya enoksaparini (ya kuzuia damu kuganda), na kama metifomini (ya kisukari) iendelee au la.

Kwenye miaka 4, huenda ukaisoma mwaka wa pili, kiangazi kikapita, ukaikuta tena mwaka wa tatu kwenye tiba ya magonjwa. Utakuwa umesahau nusu. Lakini kuisoma mara ya pili baada ya kusahau ndiko kunakoigandisha, na katikati yake umepata muda wa kuuliza maswali ya pembeni: kwa mtu mnene sana, nitumie uzito upi?

Kwenye miaka 3, pengo kati ya kanuni na matumizi yake laweza kuwa wiki chache. Hujasahau, na hiyo ni faida. Hasara ni kwamba swali la uzito upi unaliacha hadi utakapokutana na mgonjwa mwenyewe kwenye APPE. Anayeelewa haraka na kuunganisha mambo kichwani hufurahia mwendo huu. Anayehitaji kulala na jambo siku tatu ndipo limwingie, akiwekwa hapo atakariri tu, na kukariri huonekana baada ya miezi michache.

Si programu zote za haraka zinazofundisha kwa namna moja. Roseman inajulikana kwa mfumo wa bloku: kozi moja kwa wakati mmoja badala ya tano pamoja, na kiwango cha kufaulu cha asilimia 90. Ukisikia namba hiyo usikimbie. Mfumo huo una nafasi za kupimwa tena, na wapo wanaosoma vizuri zaidi wakiwa na kitu kimoja tu mezani. Wengine huchoka na bloku moja kabla haijaisha.

Ukianguka

Hapa ndipo zile wiki 61 na wiki 14 zinapoacha kuwa hesabu za karatasini.

Kwenye miaka 4, ukifeli tiba ya magonjwa muhula wa pili, vyuo vingi vitakupa sapu au kozi ya marudio wakati wa kiangazi. Likizo imekufa, kazi uliyopanga imekufa, lakini Agosti unaendelea na darasa lako. Ukifeli kozi mbili, au ile isiyorudiwa kiangazi, unasubiri mwaka mzima kwa sababu kozi nyingi hutolewa mara moja kwa mwaka. Minne inakuwa mitano.

Kwenye miaka 3 hakuna kiangazi cha kuliwa. Marudio hubanwa kwenye zile siku chache kati ya muhula na muhula, na wakati huohuo inabidi ujiandae na muhula unaofuata. Anayeingia kwenye hali hiyo akiwa tayari amechoka huanza muhula mpya akiwa nyuma, na hapo ndipo kufeli moja huzaa kufeli kwa pili. Chuo kisipokuwa na nafasi ya marudio, unashushwa kwenda darasa la chini yako. Sasa uko kwenye programu ya miaka 4 kwa bei ya ile ya haraka: kwenye mfano wetu, dola 79,000 nyingine, au pungufu kidogo kama chuo hutoza kwa krediti.

Kufeli kwingi kwa aina hii hakutokani na ubongo. Hutokana na jambo la wiki mbili: upasuaji mdogo, mtoto kulazwa, kesi ya viza, kifo cha mzazi ng'ambo. Programu ya miaka 4 hulimeza jambo la wiki mbili. Ile ya miaka 3, mara nyingi hailimezi. Kabla ya kusaini, omba kitabu cha taratibu za wanafunzi usome kurasa tatu: marudio ya kozi, likizo ya dharura, na idadi ya kozi zinazokufanya udisko, yaani uondolewe chuoni. Kurasa hizo zina ukweli kuliko kipeperushi kizima.

Kazi wakati wa masomo

Mwanafunzi wa PharmD anaweza kusajiliwa na bodi ya famasia ya jimbo kama intani na kulipwa akifanya kazi chini ya mfamasia. Ajira ya kwanza mara nyingi hutoka palepale.

Miaka 4 inakupa viangazi viwili kamili, baada ya mwaka wa kwanza na wa pili. Haikupi vitatu kama wengi wanavyodhani, kwa sababu APPE huanza Mei au Juni mara baada ya mwaka wa tatu. Wiki 11 za saa 40 mara mbili ni saa 880, ukiongeza zamu moja ya Jumamosi wakati wa muhula. Hapo umeshajua kupokea simu za madaktari, kugombana na bima, na kutuliza mgonjwa aliyekasirika.

Miaka 3 hukuachia wikiendi tu. Zamu moja ya saa 8 kwa wiki inawezekana. Mbili ni hatari katika mwaka wa kwanza. Kama umeshawahi kufanya kazi ya fundi dawa kwa miaka kadhaa, huhitaji sana viangazi hivyo, na njia ya haraka haikupotezei kitu. Kama hujawahi kusimama nyuma ya kaunta ya dawa, saa 300 za IPPE peke yake ni mwanzo mwembamba.

Aliye na viza ya F-1 asianze kibarua chochote, hata cha intani, kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijampa idhini ya maandishi. Hili ni sawa kwenye njia zote mbili.

Baada ya shahada

Kwa anayekwenda duka la dawa la jamii, njia zote mbili zinafika. Pita.

Kwa anayetaka hospitali na residensi, angalia Desemba ya mwaka wa mwisho. Mkutano mkubwa wa wafamasia wa hospitali, ule wa ASHP, hufanyika Desemba. Maombi ya residensi hufungwa kuanzia mwishoni mwa Desemba na Januari. Majibu ya kulinganishwa (Match), mfumo unaowapanga waombaji na hospitali, hutoka Machi. Mwanafunzi wa miaka 4 aliyeanza APPE Juni atakuwa na rotesheni, yaani vipindi vya APPE vya wiki kadhaa kila kimoja, nne hadi sita mkononi ifikapo Desemba: ana wasimamizi watakaomwandikia barua, na ana kesi za kusimulia kwenye usaili. Kwenye miaka 3 inategemea APPE imewekwa wapi. Programu nyingine huianza kiangazi vilevile, na hapo mko sawa. Nyingine huichelewesha, na unaomba residensi ukiwa na rotesheni mbili tu. Uliza swali hili moja: ifikapo Desemba mosi ya mwaka wa mwisho, mwanafunzi wenu amemaliza rotesheni ngapi, na ya wagonjwa waliolazwa imo?

Utafiti na shahada pacha, kama PharmD na MBA (ya biashara) au PharmD na MPH (ya afya ya jamii), hupumua vizuri zaidi kwenye miaka 4. Kwenye miaka 3 zipo, lakini kwa kawaida hukuongezea muda, na ukishaongeza muda umeshaacha sababu ya kwenda huko.

Namba za chuo chenyewe

Chuo kizuri cha miaka 3 ni bora kuliko chuo kibovu cha miaka 4, na kinyume chake. Kwa hiyo usichague urefu kabla hujapima vyuo vyenyewe.

NABP, chama cha bodi za famasia, huchapisha kila mwaka asilimia ya waliofaulu NAPLEX kwa jaribio la kwanza, chuo kwa chuo. Usiisome peke yake. Izidishe na asilimia ya waliohitimu kwa wakati. Tuseme chuo fulani kimeingiza wanafunzi 100, wakahitimu kwa wakati 70, na asilimia 95 ya hao wakafaulu: ni kama 66. Kingine wamehitimu 88, wakafaulu asilimia 85: ni kama 75. Cha kwanza kina tangazo zuri zaidi, cha pili kina wafamasia wengi zaidi. Chuo kinachowashikilia wanafunzi dhaifu wasifike kwenye mtihani kitakuwa na asilimia ya kupendeza siku zote.

Angalia pia hadhi ya uidhinishaji kwenye tovuti ya ACPE yenyewe. Programu mpya hupitia hatua: mtarajiwa wa awali (precandidate), mtahiniwa (candidate), kisha kuidhinishwa kamili. Anayehitimu chuo kikiwa mtahiniwa huhesabiwa sawa na aliyetoka chuo kilichoidhinishwa. Anayeingia chuo kikiwa bado kwenye hatua ya awali anabeba hatari, kwa sababu chuo kisipopanda kabla hajahitimu, milango ya leseni inaweza kufungwa.

Kama tayari una shahada ya famasia ya nje ya Marekani, simama kidogo kabla ya kuomba yoyote kati ya hizi. Ipo njia ya cheti cha FPGEC kupitia NABP kwa wahitimu wa nje, yenye mtihani wake na masharti juu ya urefu wa masomo uliyofanya. Soma masharti hayo kwanza. Ukikidhi, huenda huhitaji kukaa darasani upya.

Kwa hali yako

Una shahada ya kwanza ya sayansi yenye alama nzuri, umeshafanya kazi duka la dawa, hutaki residensi, na pengo la mkopo unaweza kuliziba: miaka 3 imetengenezwa kwa ajili yako. Kila mwezi wa ziada shuleni unakugharimu.

Unatoka moja kwa moja kwenye miaka 2 ya maandalizi, una umri wa miaka 20, na kemia ya kaboni uliipita kwa taabu: miaka 4. Kiangazi cha kwanza peke yake kinaweza kuokoa masomo yako.

Una mtoto mdogo, au mzazi mgonjwa: watu hudhani haraka ndiyo nafuu, wamalize warudi kwa familia. Inaweza kuwa hivyo ikiwa kuna mtu mwingine nyumbani wa kushika zamu kila siku bila kukosa. Kama huyo mtu ni wewe, nenda minne.

Unataka residensi kwenye hospitali kubwa ya chuo kikuu, au bado hujui unataka nini: miaka 4 inakupa muda wa kujua. Lakini ukipata programu ya miaka 3 ambayo APPE zake huanza kiangazi na wahitimu wake wanapata residensi kila mwaka, usiiache kwa sababu ya namba tu.

Unabadilisha kazi ukiwa na miaka 38, una akiba, na mwenza anafanya kazi: miaka 3, ila hamia karibu na chuo. Saa mbili za njiani kila siku ni saa 10 kwa wiki ambazo programu hii haina.

Una viza ya F-1 na mdhamini anayelipa kidogokidogo: miaka 4 ya chuo chenye ada ndogo ni rahisi kuthibitisha benki. Mdhamini mwenye fungu moja nene lililo tayari sasa, miaka 3 inampunguzia mwaka wa kodi na chakula.

Na kama umekubaliwa pande zote mbili na bado mizani haijainama, watumie wote barua pepe moja yenye maswali manne: wangapi kati ya 100 walihitimu kwa wakati katika darasa la mwisho, nikifeli kozi moja ya muhula wa pili narudia lini na kwa bei gani, nitakuwa na rotesheni ngapi ifikapo Desemba ya mwaka wa mwisho, na mkopo wa serikali utafikia kiasi gani kila mwaka. Wape siku kumi. Atakayejibu yote manne kwa tarakimu, mrudie kwanza kabla ya kulipa amana.